Ukisubiri Novemba umechelewa: mkopo wa chuo na hesabu za mkulima wa Bahi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba, simu yangu haipoi. Wananipigia wazazi wa vijiji vya Bahi, hapa mkoani Dodoma, wengine wa Chamwino na Manyoni ambao hata hatujuani, namba yangu wamepewa na mtu aliyepewa na mtu. Swali ni lile lile: "Mwalimu, mtoto amefaulu. Mkopo unaombwaje?" Naeleza. Nikimaliza kueleza, nami nauliza langu: "Alizeti mmeshauza?"

Wengi hunyamaza kidogo, wakidhani nimehamia kwenye salamu. Hapana, naulizia mkopo bado. Kwa mkulima wa Dodoma, swali la alizeti na swali la ada ya chuo ni swali moja, na nimechukua miaka mingi kuliona hivyo: kwanza nikiwa mwanafunzi, kisha nikiwa mdhamini wa mdogo wangu, na sasa nikiwa shangazi wa mwanachuo.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Inaanza Desemba, ikijitahidi sana inafika Aprili. Uwele, mtama na alizeti vinaingia nyumbani mwezi wa tano na wa sita. Mwezi wa saba na wa nane ndipo mtu ana chakula ghalani na mbuzi wana mwili. Baada ya hapo ni kushuka tu, mpaka Oktoba na Novemba, ambapo majani hakuna, mifugo imekonda, mahindi yamepanda bei, na kila mwenye shida anapeleka mnyama mnadani siku hiyo hiyo na mwenzake. Vyuo vikuu vinafunguliwa lini? Mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Yaani mtoto anaitwa chuoni siku ambazo baba yake ana fedha kidogo kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Mimi nilianza chuo mwaka 2012, hapa hapa Dodoma. Kwetu nilikuwa wa kwanza kufika huko. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa ina miaka, maana sheria yake ilipitishwa mwaka 2004 na kazi ikaanza Julai 2005, lakini kijijini habari zake zilifika kwa kusikia. Baba alisikia redioni kwamba serikali inasomesha watoto vyuo vikuu, akashukuru Mungu, akaendelea na shamba lake. Nani angemlaumu? Hakuna aliyemwendea na karatasi akamwambia, "Mzee, mkopo una mafungu, na kila fungu lina kipimo chake."

Mafungu hayo ndiyo ninayoanza nayo nikizungumza na mzazi yeyote. Liko fungu la chakula na malazi, ndilo wanafunzi wanaloliita bumu. Liko la ada ya mafunzo. Liko la vitabu na viandikwa, liko la mafunzo kwa vitendo, na kozi nyingine zina fungu la mahitaji maalumu ya kitivo. Mtoto mmoja anaweza kupata bumu lote na ada nusu. Mwingine anapata ada yote. Bodi inapima uhitaji wa familia kwa vielelezo ilivyoletewa, kisha inapanga. Kwa hiyo mtu akiniambia "mwanangu amepata mkopo", bado hajaniambia kitu. Amepata mafungu gani, na katika ada amepewa kiasi gani?

Mimi nilipewa bumu, vitabu, na sehemu ya ada. Wakati huo bumu lilikuwa 7,500 kwa siku. Sehemu ya ada iliyobaki ilikuwa ya mzazi. Baba alipoambiwa kiasi, ilikuwa Novemba. Alipeleka mbuzi watatu mnadani, na mbuzi ambaye mwezi wa saba angempatia elfu hamsini aliondoka kwa elfu thelathini. Nilikuwepo. Mnunuzi alimshika mbuzi mgongoni, akapitisha vidole kwenye mbavu moja moja, akataja bei akiwa anaangalia pembeni, maana alijua kwamba mwenye mbuzi hana pa kumrudisha. Baba alihesabu noti mara mbili, akanikabidhi zote, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ya nauli imo humo humo.

Fedha ile ilitosha kunisajili, na hapo kuna jambo ambalo mzazi anapaswa kuambiwa mapema na kwa Kiswahili cha wazi. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, fedha ya Bodi haitoki kabla hajasajiliwa. Chuo kinathibitisha kwamba huyu amefika na amesajiliwa, jina linakwenda, fedha inakuja, mwanafunzi anasaini kwamba amepokea. Lakini ili asajiliwe, chuo kinataka kuona sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifunika, pamoja na michango mingine. Fedha inasubiri usajili, na usajili unasubiri fedha. Katikati ya viwili hivyo mtoto anakula, analala, anapanda daladala. Majuma hayo ya mwanzo ndiyo yanayowatoa watoto wa kimaskini chuoni. Nimeona wanaorudi nyumbani na barua ya kudahiliwa mkononi wakati jina lao liko kwenye orodha ya waliopata mkopo.

Chumbani kwetu tulikuwa wanne. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mjane, alikopa elfu hamsini kwa mtu wa mtaani arudishe elfu sabini bumu likitoka, na dhamana ilikuwa kadi yake ya benki na namba ya siri. Bumu lilitoka, yule mtu akaenda mashine mwenyewe. Siku hizi mikopo ya namna hiyo ina jina, kausha damu, na imeingia mpaka kwenye simu. Simlaumu yule binti hata kidogo. Alikuwa na njaa, na alikuwa na fedha inayokuja ambayo hakuna aliyeweza kumwambia itafika lini. Ninachosema ni kwamba elfu hamsini ile ilikuwepo kwao mwezi wa saba, katika gunia la mtama. Mwezi wa kumi na moja gunia lilikuwa limeshaliwa.

Basi zamu ya kitindamimba wetu ilipofika, mwaka 2022, nilimwomba Baba tukae mezani mwezi wa sita, hata matokeo hayajatoka. Alisita. Kwa Wagogo wazee kuna kusita kuhesabu kitu ambacho hakijafika, na naheshimu hilo. Nikamwambia, "Baba, hatuhesabu matokeo. Tunahesabu gharama, na gharama zipo hata asipofaulu mwaka huu."

Akacheka, akaleta daftari lake. Lile daftari lina jalada lililoshonwa upya kwa uzi wa gunia, na ndani yake ameandika mvua za miaka na miaka: tarehe ya kupanda, magunia yaliyotoka, nani anadaiwa nini. Akanifungulia ukurasa mpya, akapiga mstari katikati kwa kutumia ubao wa kukatia nyanya. Kushoto akaandika "Bodi". Kulia akaandika "Sisi".

Tulichukua kozi aliyokuwa anaitaka mdogo wangu, ada yake 1,300,000 kwa mwaka. Tukakubaliana kwamba tusijipe matumaini makubwa: tuseme Bodi imetoa nusu ya ada. Inabaki 650,000, na chuo kinaruhusu kulipa kwa mihula miwili, kwa hiyo kwa kuanzia ni 325,000. Hiyo ikaenda upande wa kulia. Bima ya afya ya mwanafunzi, 50,400. Ada ya uthibiti ubora inayokwenda Tume ya Vyuo Vikuu, 20,000. Kitambulisho, serikali ya wanafunzi na michango midogo ya chuo, tukakadiria 60,000. Bweni lisipopatikana atapanga chumba, na wenye nyumba wa karibu na vyuo wanataka kodi ya miezi mitatu mbele. Tukaweka 150,000. Godoro, ndoo, sufuria, jiko dogo na mashuka, 120,000. Chakula cha mwezi wa kwanza kabla bumu halijatoka, elfu tano kwa siku, 150,000.

Baba alijumlisha kwa mkono, taratibu, akirudia kila safu. Ikaja 875,400. Akaitazama ile namba muda mrefu. "Na hii ni pamoja na mkopo?" Nikamwambia ndiyo, Baba, hii ni pamoja na mkopo. Hii ndiyo fedha ambayo mtoto anatakiwa awe nayo mfukoni siku anashuka stendi, hata kama Bodi itampa vizuri.

"Sasa mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "kwa nini redio haisemi hivi?"

Aliuza magunia kumi ya alizeti na mbuzi wawili mwezi wa saba, bei ikiwa ya heshima. Fedha ikaingia benki, si kwenye kopo la dirishani, ili shida nyingine isiione. Oktoba majina yalipotoka, kitindamimba alikuwa amepewa ada zaidi ya nusu tuliyokisia. Ile ziada ya kwetu ikabaki kwa ajili ya muhula wa pili. Alisajiliwa katika juma la kwanza, na kwa kuwa alisajiliwa mapema, jina lake lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo kwenda, na bumu lake la kwanza lilimkuta hajakopa kwa mtu.

Bumu lenyewe nalo lilikuwa limepanda. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 ni 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Linatolewa kwa awamu, kwa hiyo kijana wa miaka ishirini anapokea, tuseme, fedha ya siku sitini kwa mkupuo: laki sita. Wengi hawajawahi kushika hata laki moja. Nilichomshauri mdogo wangu ni kulipa kodi na kununua unga, mchele, mafuta na mkaa siku ile ile fedha inaingia, kabla ya simu mpya kutazamwa. Mama alimfungia uwele na mlenda uliokaushwa, na kila anayetoka Bahi kwenda mjini alibebeshwa kifurushi. Hilo ni faida ya kusoma karibu na kwenu, na wazazi wa Dodoma tunaichukulia kama jambo dogo. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007 kule Chimwaga, kuna St John's, kuna Chuo cha Mipango, kuna Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kuna Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo. Mtoto anayesoma hapa hana nauli ya siku nzima barabarani, na unga wa nyumbani unamfikia. Wengine wanakimbilia vyuo vya mbali kwa sababu jina linasikika, na sina ugomvi na ndoto za mtu, ila nauli na kodi za mji mkubwa ziandikwe kwenye safu ya kulia pamoja na jina hilo.

Nije kwenye karatasi, maana hapa ndipo nilipoumia zaidi.

Marehemu kaka yangu alifariki mwaka 2011 na kuzikwa kijijini. Aliacha mke na watoto, na binti yake mkubwa alimaliza kidato cha sita mwaka 2023. Bodi inawapa kipaumbele yatima, wenye ulemavu au ambao wazazi wao wana ulemavu, na wanaotoka kaya zinazohudumiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Binti yetu alikuwa yatima wa baba, na kaya yao iko TASAF. Kwa hali yake ya kweli, hakukuwa na mhitaji zaidi yake pale kijijini. Lakini uyatima unathibitishwa kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na kaka yangu hakuwa nacho. Kijijini mtu akifa anazikwa, watu wanakaa matanga, maisha yanaendelea. Cheti cha nini? Hakuna mirathi ya kugombea, hakuna mafao. Kwa hiyo kwenye karatasi za nchi hii, baba wa yule binti alikuwa bado hai, na mtu aliye hai anatarajiwa kusomesha mwanawe.

Tulianza mwezi wa tano. Tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji, tukaeleza kwamba tunataka kusajili kifo cha zamani. Akauliza tarehe. Wifi yangu akasema, "Ilikuwa wakati wa palizi." Mwaka aliujua, msimu aliujua, siku hakuikumbuka, na kadiri alivyoulizwa ndivyo alivyozidi kulia. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amekaa pale nje akasema kwa upole kwamba mchungaji huwa anaandika mazishi. Tukaenda kanisani. Katibu akatoa daftari la mazishi, kurasa zimeshikana kwa vumbi, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka jina la kaka yangu likatokea, tarehe pembeni, na jina la aliyeongoza ibada. Wifi aliomba alishike lile daftari. Tulimwachia mpaka alipotosheka.

Kwa tarehe ile, barua ya mtendaji na ushahidi wa wazee waliozika, tulikwenda ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, ambako vizazi na vifo husajiliwa. Ilichukua muda, kulikuwa na nenda rudi, lakini cheti kilitoka kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Kama tungeanza Agosti, tungekuwa tumefika na maneno matupu. Binti alipangiwa bumu lote na ada yote.

Ndiyo maana nikiwa na wanafunzi wa kidato cha tatu nawaambia waende nyumbani wakaulize vyeti vyao. Cheti cha kuzaliwa kipo? Jina lililoandikwa mle ndilo unalotumia shuleni, herufi kwa herufi? Hapa kwetu mtu ana jina la ubatizo, jina la baba, na jina la babu ambalo kila karani analiandika anavyolisikia. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo itakayokutambulisha kwenye mfumo wa Bodi, na jina litakalokuja nalo ni lile lililosajiliwa wakati wa mtihani. Kurekebisha herufi moja ukiwa kidato cha tatu ni kazi ya likizo moja. Kuirekebisha wakati dirisha la maombi limebaki na juma moja ni jambo jingine kabisa.

Maombi yenyewe siku hizi hayana tatizo kubwa. Mimi fomu yangu ilikwenda kwa EMS ya Posta, na tulikaa tukijiuliza kama imefika. Sasa yanafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni. Unalipia ada ya maombi 30,000 kwa namba ya malipo unayopewa, unajaza, unachapisha fomu, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya kijiji au mtaa, na hakimu au kamishna wa viapo, kisha unaipandisha pamoja na vielelezo vilivyohakikiwa. Mwenye duka la steshenari atakusaidia kuskani, na wengi wao mjini Dodoma wanaijua kazi hii vizuri. Ila kaa naye ubavuni, soma kila kurasa kabla haijatumwa, na nywila yako ibaki kwako. Kurasa isiyo na sahihi au muhuri inaweza kukwamisha ombi la mtoto mwenye kila haki. Bodi huwa inatoa nafasi ya kufanya marekebisho, na anayeingia kwenye akaunti yake kila siku mbili tatu ndiye anayeiona kwa wakati. Majina nayo hutoka kwa awamu, kwa hiyo kukosa awamu ya kwanza si kukosa mkopo, na mwisho lipo dirisha la rufaa kwa mwenye kielelezo cha kuongeza.

Na kuna watu, vishoka, wanaojitokeza msimu huo wakisema wana mtu wao ndani, toa laki mbili mwanao apate asilimia mia. Mjane mmoja wa kijiji cha jirani aliuza debe zake zote za karanga kumpa mtu wa namna hiyo. Sitamsahau alivyonionyesha ile namba ya simu isiyopatikana tena, akiamini labda kwangu itaita.

Kingine ambacho mwanachuo lazima akijue ni kusaini. Fedha ikishafika lazima uithibitishe kwa wakati, na isiyosainiwa hurudishwa Bodi. Kila mwaka kuna mtoto aliyekwenda kwenye msiba kijijini, simu haina chaji, akarudi akakuta muda umepita. Vilevile mkopo unaendelea kwa anayefaulu kuingia mwaka unaofuata. Kwa hiyo yule anayefanya vibarua usiku ili kuziba pengo, kisha anashindwa mitihani, anapoteza vyote viwili. Pengo likizibwa mwezi wa saba, anapata nafasi ya kusoma.

Sasa deni. Wazazi wengi wanaogopa kwamba Bodi itakuja kuchukua shamba. Huu ni mkopo wa kijana mwenyewe, atakuja kuulipa kwa kipato chake. Sheria inampa muda wa miezi 24 baada ya kuhitimu kabla ya kuanza kurejesha, na akiajiriwa, mwajiri anakata 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi. Zamani ilikuwa 8%. Mimi nilipoajiriwa serikalini, mshahara wangu ulikuwa 716,000, na makato ya Bodi 107,400. Kwa mwalimu anayeanza maisha, anayetumiwa ujumbe na ndugu kila tarehe 24, hiyo ni fedha kubwa, na ningependa kila mwanafunzi aione namba hii kabla hajasaini.

Miaka ile kulikuwa pia na tozo ya kulinda thamani ya fedha, 6% kwa mwaka. Chukua deni la milioni 8.4: tozo peke yake ni 504,000 kwa mwaka. Katika 1,288,800 niliyokuwa nakatwa kwa mwaka, sehemu ya namna hiyo ilikuwa ikienda kwenye tozo, deni lenyewe likishuka taratibu mno. Mei Mosi ya mwaka 2021, kule Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa, na utekelezaji ukaanza mwaka huo huo. Tulikuwa ofisini kwa walimu, redio imewekwa dirishani. Mwalimu wa hesabu alichukua chaki akaanza kupiga upya hesabu za kila mmoja ubaoni, na sote tulisimama kumsubiri afike kwenye jina letu. Kwa deni la mfano nililotaja, bila tozo, makato yale yale yanalimaliza katika miaka sita na nusu. Mtu anaweza kuishi akijua hivyo.

Ningependa pia wazazi wajue kwamba njia si moja. Kuanzia mwaka 2023/2024 kuna mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na kwa mtoto mwenye ufaulu wa kati hiyo inaweza kuwa njia fupi na nyepesi zaidi kuliko shahada. Kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, ipo Samia Scholarship tangu 2022/2023, na hiyo ni ufadhili, hairejeshwi. Watoto wa shule zetu za kata wanaweza kuifikia. Yupo mmoja shuleni kwetu, binti wa fizikia, ninayemfuatilia kwa karibu sana.

Binti wa kaka yangu anaendelea na masomo. Likizo akija ananiita, "Shangazi, leta daftari la babu," tunakaa kupiga hesabu za muhula unaofuata, na mdogo wake wa kidato cha pili anakaa karibu kusikiliza. Cheti chake cha kuzaliwa tumeshakihakiki.

Mwaka huu nimemwomba mtendaji anipe nafasi kwenye mkutano wa kijiji wa mwezi wa sita, na amekubali, mara tu baada ya taarifa ya maji. Nitakwenda na karatasi kubwa yenye safu mbili, na kila mzazi mwenye mtoto kidato cha tano au cha sita nimemwomba aje na vitu viwili: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na idadi ya magunia aliyovuna.